Nyati, Kamera na Kitenzi "Kuboresha": Historia ya Picha za Wanyamapori kutoka Serengeti hadi Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya picha za nyati katika Afrika Mashariki na mwambao wa Ziwa Mweru ili kuonyesha namna marekebisho ya picha kongwe yanavyoweza kubadili ushahidi wa kihistoria. Inajadili picha za usiku za Carl Georg Schillings, hesabu za nyati zilizofanywa kwa picha za angani Serengeti, na kamera za mtego za karne hii. Hoja yake ni kwamba kitenzi *kuboresha*, kama kinavyotumika sasa katika Kiswahili cha ofisini, kinaficha matendo matatu yasiyofanana, na kwamba sera za nyaraka zinapaswa kuyatenganisha kabla ya akili unde kuruhusiwa kuzigusa picha za kihistoria.

Mwambao uliohamishwa

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge na vijiji kama Kafutuma hadi Chienge kaskazini, leo unajulikana kwa samaki zaidi kuliko kwa wanyama wakubwa. Haukuwa hivyo siku zote. Misafara ya Waswahili ilifika katika nchi hii kufuata pembe za ndovu kabla kamera haijafika. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na habari hiyo imo katika tawasifu yake aliyoiandika kwa Kiswahili. Mwezi Novemba mwaka huohuo Livingstone aliliona Ziwa Mweru. Hata leo ndani ya ziwa kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo msomaji wa pwani halihitaji kufafanuliwa, na kwenye ufuko wa Kongo Kiswahili ni lugha ya soko na ya bandari.

Mwanzoni mwa karne ya 20 jambo jingine lilitokea. Ugonjwa wa malale uliingia katika bonde la Luapula na kando ya ziwa, na utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini ukaamuru vijiji vya ufukoni vihamishwe mbali na maji. Uvuvi na safari za mitumbwi vilibanwa. Mwanahistoria Mwelwa Musambachime, aliyechunguza athari za kijamii na kiuchumi za tukio hilo, anakiweka kipindi chake kati ya mwaka 1906 na 1922. Kwa miaka mingi, basi, sehemu kubwa ya ufuko ilikuwa bila watu kwa amri ya serikali, na vichaka vikaota palipokuwa na mashamba.

Msomaji wa sera aliweke jambo hilo mbele yake kabla ya kuendelea. Picha ya ufuko huo iliyopigwa katika miaka hiyo inaweza kuonyesha mandhari tulivu ya nyasi, miti na mnyama mmoja mmoja, pasipo nyumba wala moshi wa jiko. Mtu asiyeijua tarehe ataiita "nyika ya asili". Anayeijua ataona mahame. Tofauti kati ya usomaji wa kwanza na wa pili haimo katika ubora wa picha, na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuitoa humo.

Sotoka ilitangulia kamera

Nyati ana historia inayofanana na hiyo. Sotoka iliingia katika Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka katika nchi ya Wamaasai, ikazunguka maziwa makuu na kuvuka Mto Zambezi mwaka 1896. Ng'ombe walikufa kwa wingi, wafugaji wakafa njaa, na katika wanyama wa porini nyati alikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Frederick Lugard, aliyesafiri kutoka pwani kwenda Uganda mwaka 1890, aliandika kuhusu mizoga ya nyati aliyoikuta njiani.

Kamera zenye uwezo wa kumnasa mnyama anayekwenda zilianza kutumika katika eneo hili baada tu ya msiba huo. Ndiyo kusema kwamba wapiga picha wa kwanza wa nyati waliwakuta wachache waliobakia. Mabamba yao ya kioo yanaonyesha uwanda wenye nyati wawili watatu, au usio na nyati kabisa. Mara nyingi picha hizo hutajwa kama kipimo cha hali ya mwanzo, yaani jinsi mbuga zilivyokuwa kabla ya maendeleo. Kwa upande wa nyati kauli hiyo ni kinyume cha ukweli, kwa kuwa kilichonaswa ni hali ya baada ya maafa.

Mmweko na bunduki

Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezaliwa mwaka 1865, alifanya safari nne katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya mwaka 1896 na 1904, zaidi katika nchi iliyo kati ya Kilimanjaro, Mto Pangani na nyika za Wamaasai. Kitabu chake *Mit Blitzlicht und Büchse*, kilichotoka Leipzig mwaka 1905, kilisomwa sana Ulaya na kufasiriwa kwa Kiingereza mara moja. Jina lake lina maana ya "Kwa mmweko na bunduki", na lilikuwa la kweli: Schillings aliwaua wanyama wengi kwa ajili ya makumbusho, na katika safari hizohizo akawapiga picha wengine.

Kiswahili kinaiweka jozi hiyo katika kitenzi kimoja. Bunduki hupigwa na picha hupigwa. Mwingereza Edward North Buxton, aliyekuwa mstari wa mbele katika kuanzisha chama cha kuhifadhi wanyama wa himaya mwaka 1903, aliwahimiza wawindaji waiache bunduki na kuwinda kwa kamera, na wazo hilo likahesabiwa kuwa jipya. Kwa mpagazi wa msafara, aliyeishika bunduki ya bwana kwa mkono mmoja na sanduku la mabamba kwa mwingine, upya wake pengine haukuwa mkubwa sana.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Kila picha ilihitaji bamba zima la kioo, na mabamba yalibebwa kichwani kwa mamia ya kilomita katika joto, vumbi na mvua. Usiku Schillings alimfunga ng'ombe au punda kuwa chambo, akatega kamera, akanyoosha uzi; mnyama aliyeugusa aliulipua unga wa magnesiamu na kujipiga picha mwenyewe. Bamba moja lililofaulu lilikuwa na mengine mengi nyuma yake yaliyopasuka, yaliyoingiwa na unyevu, au yaliyomnasa fisi mahali pa simba.

Linalohusu makala hii zaidi ni ahadi iliyochapishwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Msomaji aliarifiwa kwamba picha 302 zilizomo ni za mwandishi mwenyewe na kwamba zimechapishwa kwa uaminifu wa hati. Kwa nini ahadi hiyo ilihitajika? Kwa sababu kila mtu katika biashara ya uchapaji alijua hali ilivyo. Mafundi wa viwanda vya uchapaji walikuwa na kawaida ya kupita kwa brashi juu ya picha: kuukoleza mstari wa mgongo, kulitia doa jeupe jicho, kuongeza mawingu katika anga iliyotoka tupu. Picha zisizoguswa zilionekana mbovu, na ubovu huo ndio uliokuwa muhuri wake. Baadhi ya picha mashuhuri za Schillings zina ukungu, zimeinama upande, na mnyama amekatika mkia. Wasomaji wake waliziamini kwa sababu hiyo hasa.

Mnyama mweusi

Nyati ana ugumu wake wa pekee kwa kamera. Ni mweusi, hupenda kivuli na matope, na husimama kati ya nyasi zinazong'aa kwa jua. Mpiga picha akilipima jua la nyasi, nyati hutoka kama shimo jeusi; akimpima nyati, nyasi huungua zikawa nyeupe. Mabamba ya zamani yaliongeza tatizo kwa kuwa hayakuipokea vizuri rangi nyekundu. Udongo mwekundu na ndama wenye rangi ya kahawia walitoka weusi kuliko walivyo, na anga ya buluu ikatoka kama karatasi tupu.

Ndani ya weusi huo, hata hivyo, mna habari. Dume aliyekomaa ana pembe zilizoungana juu ya paji la uso zikafanya ngao ngumu. Dume kijana ngao yake bado ina manyoya na haijakauka. Jike ana pembe nyembamba zisizo na ngao ya namna hiyo. Kwa kutazama paji peke yake mtaalamu hukadiria jinsia na rika. Mgongoni huonekana nukta ndogo, ambazo zinaweza kuwa uchafu wa bamba, na zinaweza kuwa ndege wala kupe. Pembeni huonekana madoa meupe, ambayo yanaweza kuwa mikwaruzo, na yanaweza kuwa yangeyange wakifuata kundi.

Programu za kisasa za kurekebisha picha hutoa madoa meupe na nukta nyeusi kwa kubofya mara moja. Zile za akili unde huenda mbali zaidi: zikipewa kichwa cheusi kisicho na maelezo, hukijaza kwa maelezo ya vichwa vingine vya nyati zilivyofundishwa navyo, ambavyo kwa kawaida ni vya madume makubwa yanayopendwa na watalii. Hivyo jike wa mwaka 1904 anaweza kutoka akiwa na ngao ya dume, tena kali na ya kuvutia. Aliyeiomba programu ifanye hivyo hakukusudia uongo. Alibofya palipoandikwa "boresha".

Picha zilizohesabiwa

Hatari hiyo ingebaki kuwa suala la makumbusho na vitabu vya mapambo lau picha za nyati zisingekuwa takwimu. Lakini zimekuwa takwimu tangu katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Baada yao hesabu ziliendelea, na katika Taasisi ya Utafiti ya Serengeti, pale Seronera, A. R. E. Sinclair aliwafuatilia nyati kwa miaka mingi hadi kutoa kitabu chake *The African Buffalo* mwaka 1977. Kundi la nyati kadhaa linaweza kuhesabiwa kwa macho kutoka hewani. Kundi la mamia haliwezekani. Lilipigwa picha, na kichwa baada ya kichwa kikahesabiwa baadaye mezani juu ya picha iliyochapwa.

Kilichoonekana kilishangaza. Katika miaka ya 1960 nyati waliongezeka kwa kasi hadi kuzidi 60,000 katikati ya miaka ya 1970. Nyumbu, waliokadiriwa kuwa karibu 250,000 mwaka 1961, walikaribia milioni 1.3 mwaka 1977. Maelezo yalipatikana kwenye damu: wanyama waliozaliwa baada ya mwanzo wa miaka hiyo ya 1960 hawakuwa na kingamwili za sotoka. Ng'ombe walioizunguka hifadhi walikuwa wamechanjwa, ugonjwa ukakosa mahali pa kujificha, na wanyama wa porini wakapona bila wao kuchanjwa hata mmoja. Chanjo iliyoikamilisha kazi hiyo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, katika shirika la utafiti wa mifugo lililozihudumia nchi zote za Afrika Mashariki. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kufikia hatua hiyo baada ya ndui.

Ushahidi wa mnyororo huo wote, kwa upande wa nyati, unategemea picha ambazo ndani yake mnyama mzima ni nukta. Mtu akizichukua picha hizo leo na kuzipitisha katika programu inayokuza na kunoa, nukta mbili zilizogusana zinaweza kuwa mnyama mmoja, na kichuguu kinaweza kuota pembe. Hesabu mpya itatofautiana na ya zamani. Nani atasema ni ipi iliyo sahihi, ikiwa negativu imepotea na kilichobaki ni nakala "iliyoboreshwa"?

Uzi wa mtego wa Schillings nao umerudi kwa sura nyingine. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Serengeti. Hadi mwaka 2013 kamera hizo zilikuwa zimepiga picha milioni 3.2, na watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakazitambua kupitia intaneti. Picha nyingi katika hizo ni mbaya kwa kipimo cha mpiga picha: sikio, kwato, ubavu mweusi uliofunika lenzi yote. Hakuna aliyezirembesha, na zimehifadhiwa pamoja na tarehe, saa na namba ya kamera. Kwa mtafiti wa mwaka 2100 ubavu huo mweusi utakuwa na thamani kuliko kalenda yoyote ya utalii.

Kitenzi kimoja, matendo matatu

Hapo ndipo suala linapofika kwa wanalugha. Katika maduka ya picha ya Afrika Mashariki, kwa miongo mingi, mteja alipeleka filamu "kusafishwa", na maana yake ilikuwa kuitoa picha iliyomo, si kuondoa uchafu. Neno lilikuwa la kazi halisi na kila mtu alilielewa. Fundi alipogusa uso wa mteja kwa penseli ili kufuta kovu, hilo lilikuwa jambo jingine na pengine lilikuwa na bei yake. Lugha ya biashara ilijua kutofautisha.

Lugha ya ofisi imepoteza tofauti hiyo. *Kuboresha* hutumika kwa huduma, kwa miundombinu, kwa mitaala, na sasa kwa picha. Ni kitenzi chenye sifa njema ndani yake, kwani kimezaliwa na *bora*, na hivyo hakimwachii msomaji nafasi ya kuuliza kama kilichofanyika kilikuwa chema. Katika mradi wa nyaraka kinaweza kumaanisha kufuta vumbi lililoingia wakati wa kuskani. Kinaweza kumaanisha kuunga ufa wa bamba kwa kukisia kilichokuwa kati ya vipande viwili. Kinaweza pia kumaanisha kuongeza kitu ambacho nuru haikukiandika kamwe. Tendo la kwanza ni *kusafisha*, la pili ni *kukarabati*, la tatu ni *kubuni*. Kiswahili kina maneno yote matatu. Kinachokosekana ni sharti la kuyatumia.

Kwamba hata wenye uwezo mkubwa huteleza kunathibitishwa na jarida la National Geographic, ambalo katika toleo la Februari 1982 lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili picha ienee kwenye jalada. Wahariri waliona wamerekebisha umbo la picha tu. Lawama iliyofuata ilidumu kwa miaka mingi. Picha ile ilikuwa ya kitu kisichohama, kinachoweza kwenda kutazamwa tena. Nyati wa mwaka 1904 hawezi kutazamwa tena.

Si kwamba picha kongwe ziachwe zioze. Mabamba ya kioo hupasuka, filamu huchachuka, na picha isiyoweza kuonekana haimfundishi mtu. Kinachopendekezwa ni cha kawaida na hakihitaji fedha nyingi: nakala kuu iskaniwe bila kuguswa na ifungwe, marekebisho yote yafanyike kwenye nakala nyingine, na kila nakala iliyoguswa ibebe maelezo ya nani aliigusa, lini, kwa chombo gani, na kwa tendo lipi kati ya hayo matatu. Nakala iliyofikia hatua ya kubuni iruhusiwe kwenye bango la maonyesho, na izuiwe kwenye ripoti ya idadi ya wanyama.

Majina kwenye bahasha

Sehemu ya picha kongwe inayoharibika kwa urahisi zaidi haimo kwenye bamba. Ni bahasha yake, na maneno yaliyoandikwa juu yake. Kiswahili kinamwita mnyama huyu *nyati* au *mbogo*, na majina yote mawili yana mizizi mirefu katika lugha za Kibantu. Kibemba, kinachotumika sana Nchelenge, kina jina la ukoo mmoja na *mbogo*, isipokuwa konsonanti ya katikati imedondoka; na umbo linalobaki linafanana na neno la Kiswahili ambalo adabu hailitaji kikaoni. Tafsiri ya mashine iliyokutana na bahasha ya namna hiyo bila kujua ni ya lugha gani inaweza kulifuta jina, au kufanya vibaya zaidi. Jumuiya ya SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi mwaka 2019, na Zambia ni mwanachama. Nyaraka za pande mbili za ziwa zitazidi kusomwa kwa Kiswahili, na watakaoandaa fomu za maelezo wanapaswa kuacha nafasi ya jina la mahali, la mnyama na la mtu kama yalivyoandikwa mwanzo, kabla ya tafsiri.

Haja hiyo iko karibu. Hifadhi za Taifa za Lusenga Plain na Mweru wa Ntipa, zilizotangazwa mwaka 1972, ziko katika ukanda huohuo ulio kati ya Luapula na Tanganyika. Mpango wowote wa kurudisha nyati huko utauliza ni wangapi waliokuwapo zamani na walikaa wapi, na mtu atafungua sanduku la picha. Akikuta ufuko wa Mweru wenye nyasi ndefu na nyati wawili weusi, jambo la kwanza la kutafuta ni kama bahasha ina tarehe, na kama tarehe hiyo iko kabla au baada ya mwaka 1922.